Korija Tatu za Mazio

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa na miaka arubaini na sita, na sikuwa nimewahi kulala nje ya nyumba yetu ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, ila kwa matanga au dada zangu wakijifungua. Nilipomwambia jirani yangu Mwanaesha kwamba naenda kukaa siku nne msituni, ng'ambo ya kijito cha Tudor, nikaandike, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Waenda kumwandikia nani huko? Kima?"

"Nawe ukitaka salamu zako nizifikishe, sema mapema."

Nilijibu kwa kiburi, kwa sababu kiburi nilikuwa nacho. Mimi niliishia darasa la tano, lakini mwaka ule niliandika barua kwa redio kuhusu taka zinazotupwa ufuoni nyuma ya nyumba zetu, ikasomwa yote. Binti yangu Ruweida, aliyekuwa akisomesha Tudor, aliichukua nakala akawaonyesha watu wa chama cha kutetea mazingira. Wakamwambia wana kambi ya wanawake wa kuandika juu ya mikoko inayokatwa, na mama yake aje. Ruweida alinitangaza shule nzima. Mtoto akikuonea fahari, wajisikia umekuwa mrefu.

Wakati huo huo, kwenye sakafu ya juu ya nyumba yangu, kulikuwa na miti sitini ya mkoko imefunikwa turubali. Mwanangu Huzaifa alikuwa karibu kuoa na tulitaka kumjengea chumba. Miti ile tuliletewa kwa hori, mtumbwi wa kijitoni, alfajiri moja, bila kibali, kisha ikapandishwa kwa mkokoteni kabla watu hawajafungua milango. Mpangaji wa shughuli nzima nilikuwa mimi. Na naapa, nilipokuwa nikifunga begi la kambini, sikuona kama mambo haya mawili yana uhusiano wowote.

Kambini tulikuwa wanawake kumi na wawili, kwenye mahema, mikoko imetuzunguka pande tatu na matope yananuka yai bovu maji yakitoka. Niliogopa nyoka, nikawa nakung'uta viatu kila nikitaka kuvaa. Nilipewa hema moja na Sidi, tulale wawili; alikuwa mwanamke wa kijiji cha pale pale kijitoni, mtu wa maneno machache. Yeye na wenzake walikuwa wakipanda miche ya mikoko mahali palipokatwa. Kuandika alikuwa hajui, kwa hivyo jioni alinisimulia habari za miche yake nami nikamwandikia. Alinivutia. Alikuwa akisema "huu umekataa" na "huu umekubali" kama asemaye habari za watoto na chakula.

Mwalimu wetu alikuwa Truphosa, msichana wa bara mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Siku ya pili alituambia:

"Wamama, msiniandikie 'watu fulani wanakata miti'. Watu fulani ni nani? Niandikieni mtu. Mlichokiona kwa macho yenu."

Wenzangu wakaanza kuandika. Mimi nikakaa na kalamu. Nilikuwa nimeona nini, mimi wa Ndia Kuu? Mkataji niliyemwona kwa macho yangu alikuwa mmoja tu, yule aliyeniletea miti. Basi nikamwandika yeye. Niliandika jinsi alivyokuja gizani na hori limezama mpaka ukingoni, jinsi alivyokatika kidole gumba cha mkono wa kushoto, jinsi alivyoshusha korija tatu za mazio bila kutazama nyuma. Nikamwita mwizi wa msitu. Nikaandika kwamba mtu kama huyo hana huruma na watoto wetu. Mahali hori lilipofungwa kamba, na nani aliyekuwa akilingoja, sikuandika.

Siku ya nne asubuhi nilisoma mbele ya wenzangu. Walipiga makofi. Truphosa alifuta macho. Akasema jioni, wageni watakapokuja, mimi ndiye nitakayesoma wa kwanza, na karatasi yangu atapewa Bwana Misitu, afisa wa serikali, mkononi, kwa sababu ina alama za kumtambua mtu.

Baada ya chakula tuliosha sufuria mimi na Sidi. Alikuwa akisugua kwa mchanga, hanitazami.

"Bi Mwanakuu, watu wa mjini husema miti sitini," akasema. "Hawahesabu ishirini ishirini wakasema korija tatu."

Nikaendelea kusuuza sufuria.

"Wala mazio hawayajui, kwamba ni membamba kuliko boriti. Kwao kila mti ni boriti. Mnene boriti, mwembamba boriti. Wewe mazio umeyajuaje?"

"Niliyasikia."

"Uliyasikia ukiyahesabu." Akamwaga maji. "Anayehesabu kwa korija ni anayeuza na anayenunua. Na wewe huuzi."

Nikataka kusema ni fundi aliyeniambia, lakini aliponitazama nilishindwa.

"Huyo asiye na kidole aitwa Jefwa," akasema. Jina silo, nimelibadilisha, na la Sidi pia; hata kidole si hicho. "Ni baba wa watoto wangu watano. Mimi napanda upande huu, yeye akata upande ule, twagombana kila siku ya Mungu. Hilo ni letu. Lakini aliporudi kutoka kwako, aliniambia yuko mama mmoja Mji wa Kale alimpa chai na mahamri, akamwambia kaa mwanangu upumzike. Alifurahi siku nzima. Sasa wamwita mwizi, na jioni wampeleka jela."

"Sikujua ni mumeo, Sidi. Wallahi sikujua."

"Kwani angekuwa mume wa mwingine?"

Niliacha sufuria nikaenda kumtafuta Truphosa, nikamwambia nataka karatasi yangu, sitasoma. Alinishika mabega.

"Mama, usiogope. Hao wakataji hawawezi kukufanya kitu. Wewe ni shujaa."

Kila neno lake lilikuwa kama kunivua nguo. Nilipata karatasi kwa kumdanganya kwamba nataka kurekebisha mwandiko.

Saa kumi wageni walifika kwa mashua. Ruweida alikuwamo, buibui jipya, na mwalimu wake mkuu kando yake. Alinipungia mkono tangu mbali. Bwana Misitu, aitwaye Lennox, alikuwa mtu mpole mwenye daftari. Walipoketi, Truphosa akaita jina langu.

Nilisimama. Karatasi nilikuwa nimeikunja ndogo ndani ya kiganja.

"Sitasoma," nikasema. "Nilichoandika si kamili. Kuna korija tatu za mazio zilizokatwa msitu huu bila kibali. Nilizinunua mimi. Ziko juu ya nyumba yangu Ndia Kuu sasa hivi, chini ya turubali."

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja nyuma akasema "Lo!" kisha akajiziba mdomo.

Bwana Misitu aliuliza kwa upole, "Ulizinunua kwa nani, mama?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani? Mwalimu wenu ameniambia umemwandika vizuri, kwamba amekatika kidole."

Hapo nilimwona Sidi. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mkono mdomoni. Nikajua kwamba ukweli wangu wa nusu ulikuwa umemfungulia mumewe mlango wa jela mpana zaidi kuliko ile karatasi. Nikasema, "Kidole nilitunga, bwana. Nilitaka hadithi inoge. Miti ililetwa gizani, sikumwona mtu uso."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumcheka mzee aliyevaa nguo nje ndani. Truphosa aliinamisha kichwa. Siku nne alitufunza tuandike tulichokiona. Ruweida naye alikuwa akitazama viatu vyake, na mwalimu mkuu amejisogeza kidogo kwenye benchi, kama mtu aliyekaa karibu na kitu chenye maji. Bwana Misitu aliandika jina langu, akaandika Ndia Kuu, akafunga daftari.

Nilipokwenda kuchukua begi nilimpa Sidi ile karatasi. Aliigeuzageuza.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

Hakuwa na njia ya kujua, na kwa nini aniamini? Akamwita mmoja wa wenzake aliyesoma, akamwonyesha mstari wa kwanza tu. Yule aliposoma "hori" Sidi akaichukua, akaitia motoni, akangoja ikawa jivu. Hakunishukuru.

Jumatatu askari wawili wa misitu waliteremsha miti, korija moja moja, mbele ya mtaa mzima. Mwanaesha hakucheka siku hiyo, na hilo liliniuma zaidi. Huzaifa alipanga chumba Tudor, akaniambia, "Si neno, Mama," kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni neno.

Ruweida hakuja nyumbani wiki tatu. Alipokuja alinikuta nachambua mchele, akakaa chini akanisaidia. Kisha akauliza:

"Mama, watu wasema hata barua ya redio hukuandika wewe. Wasema mtu wa kutunga kidole hatungi kimoja. Niambie mimi tu. Yule mtu ulimtunga kweli?"

Nilimtazama mwanangu. Ningesema hapana, angeinua kichwa tena shuleni. Lakini aliyokuwa akijua Ruweida, alikuwa pia akiwaambia watu wa chama, maana hajui kuficha, hajawahi; na kutoka kwao yangefika kwenye daftari la Bwana Misitu.

"Nilimtunga," nikasema.

Akainuka, akakung'uta makapi mapajani, akaenda kuwasha jiko.