Mwanamke wa Mkokotenini na Posa ya Mjukuu Wangu

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Kwa miaka mingi nimesimulia tukio moja kinyume na lilivyokuwa, nikalisimulia vizuri hata watu wakatoa machozi. Hakuna anayejua, wala marehemu mke wangu hakujua. Nina miaka themanini na miwili, ni daktari mstaafu kutoka pwani ya Tanzania, na naishi kwa mwanangu hapa Bowie, Maryland. Moyo wangu umechoka. Nikitoka kitandani kwenda dirishani napumzika njiani, na kwa kazi niliyoifanya sihitaji kuambiwa maana yake.

Niliwahi kufanya kazi Afghanistan, Taliban walipotawala mara ya kwanza, katika zahanati ya shirika la misaada mbali na Kabul. Sitawapamba. Niliyachukia maisha ya kule, na wanaume wake sijaacha kuwachukia hadi leo. Niliona wajane waliokatazwa kazi wameketi vumbini mbele ya duka la mikate, wamefunikwa gubigubi, mkono tu umetokeza ukingoja kipande. Niliona mwanamke amepakiwa nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi, na kiti cha mbele amekikalia mwanawe wa kiume ambaye hata meno ya utoto hajamaliza kuyang'oa. Shule za wasichana zilikuwa zimefungwa. Na mwanamke akiugua, mumewe ndiye aliyeingia chumba changu cha matibabu, mke akabaki nje.

"Anaumwa wapi?" namuuliza mume.

Anajishika tumbo lake mwenyewe. "Hapa."

"Maumivu yanaelekea wapi?"

Ananigeukia na kunionyesha mgongo wake, mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, akiugua kwa niaba ya mtu nisiyemwona. Nami naandika dawa.

Sasa mjukuu wangu, binti pekee wa mwanangu, anataka kuolewa na kijana wa Kiafghani anayeishi Manassas, mji usio mbali na hapa. Wazazi wa kijana walikuja kuposa. Walileta lozi na peremende, baba yake akainama akanibusu mkono. Niliuvuta. Walipoondoka mwanangu akaniambia, "Baba, kijana anaswali, ana kazi, ni Muislamu mwenzetu. Ulitaka umpime na mapafu?"

"Hao si wenzetu," nikasema. "Huwajui."

Mjukuu wangu akacheka. Kwa desturi yetu ya utani wa babu na mjukuu, tangu mdogo ananiita mume wangu. "Mume wangu una wivu tu," akasema. "Umeona mwenzio ana meno yote."

Ndipo nikawapa ile hadithi. Mwanamke aliletwa zahanati juu ya mkokoteni, uchungu umemshika tangu juzi yake, mtoto amelala vibaya tumboni. Mkunga wetu alikuwa ameshaondoka na kaka yake, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kutembea peke yake. Nikasema nitamhudumia mimi. Mume akakataa katakata mwanamume asimguse mkewe, akageuza mkokoteni, na mwanamke akafia njiani kuelekea mjini. "Ndivyo walivyo," nikamaliza. "Kwao bora maiti kuliko aibu."

Mwanangu akasema neno langu ndilo la mwisho.

Asubuhi iliyofuata mjukuu wangu aliniletea dawa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Yeye ni muuguzi, anafanya kazi wodi ya wazazi. Kiswahili anakielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza, nawatafsiria alivyosema. "Babu, nampenda. Lakini kila siku naona wanawake wakijifungua, na huyo wa mkokotenini hanitoki akilini. Sijawahi kukukuta na uongo. Niapie kuwa mumewe alimkataza, na mimi mwenyewe nitawaambia hapana. Jumapili wanakuja kuchukua jibu."

Nilimwambia anipishe nilale kidogo. Tangu hapo kila akiingia najifanya nimelala. Anaweka dawa, ananifunika miguu, anaondoka. Jana nilimsikia akilia bafuni.

Wasomaji, mzee wenu nimefika mahali elimu haisaidii. Nikiapa, nitakwenda kaburini na kiapo cha uongo, na binti huyu atakuwa amemwacha mtu wake kwa ajili yangu. Nikisema kweli, ataolewa na watu ninaowachukia, na siku zangu zilizobaki atanihudumia huku akijua mimi ni nani. Nishaurini kabla ya Jumapili, nifanye lipi? Wala msinishauri kwa ile hadithi ya sebuleni. Kwamba alifia njiani ni kweli; lililotokea kabla ni hili.

Mume alifika anahema, viganja vimechubuka kwa kusukuma mkokoteni. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa mkunga hayupo, na mwanamume haruhusiwi. Nilizishika sheria zao kuliko wao wenyewe. Nilijua tabibu wa kiume anavyoadhibiwa, tena nikajisemea, huyu leo ananibembeleza, kesho atanishtaki kwa kumvunjia heshima. Kule wana desturi ya undugu wa kutamkwa: ukimtangaza mgeni kuwa ndugu mbele ya mashahidi, amekuwa ndugu. Akawaita mlinzi wetu na mpishi wasogee wasikie. "Kuanzia leo," akasema, "daktari huyu ni kaka wa mke wangu. Akimgusa, amemgusa dada yake." Kisha yeye mwenyewe, kwa mikono ile iliyochubuka, akamfunua mkewe uso mbele yetu sote. Alikuwa msichana mdogo, midomo imekauka. Akanitazama akasema, "Kaka."

Mumewe hakumkataza. Mimi ndiye niliyemwamuru mlinzi awatoe nje na kufunga geti.