Walipomtundika Nyanya Ukutani

Jana mwalimu alituamuru tufagie ukumbi wa shule kwa sababu wachoraji wanarudi. Tuwapokee kwa uso mkunjufu, akasema. Wangu, ndugu yangu, ulikataa katakata.

Walikuja mara ya kwanza baada ya Uhuru, mimi nikiwa darasa la tatu: kundi zima la watu wa bara, rangi mikononi, kofia kubwa kama nyungo. Walisema wanachora maumbile na maisha ya nyumbani. Mikoko yao ilifanana na miswaki, na punda wao, wallahi, hata mama yake angemkana. Hayo niliwasamehe.

Mmoja wao alikuwa mwanamke, kwa hivyo nyanya alimkaribisha hadi ndani, chumba cha mwisho ambacho mwanamume asiye wa nyumba hakanyagi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nyanya alisema, akammiminia kahawa ya tangawizi, akamwekea mkate wa mofa ungali moto. Udi ukifuka, mbuzi ikikwaruza nazi, mgeni akachora. Sisi tulidhani anachora sahani za ukutani.

Maonyesho ya picha zao yalipofunguliwa katika ukumbi wa shule, nilikwenda kucheka. Mbele ya picha moja wanaume walikuwa wamesongamana, muuza kahawa wa mtaani akiwa wa kwanza. Miaka yote huyo alimjua nyanya kwa sauti tu, kutoka nyuma ya mlango.

"Bwana wee," akasema, "kumbe nywele za yule bibi zafika kiunoni!"

Nyanya alikuwa pale, jina lake limeandikwa chini ya picha, amekaa juu ya mbuzi ya nazi, kichwa wazi.

Nikatoka mbio hadi nyumbani, nikamwambia nyanya wamemtundika ukutani. Aliniuliza neno moja tu: "Kitwa changu ki wazi?" Akavua leso aliyojitanda, akanipa. "Kanifunike, mwanangu."

Nikaitundika leso juu ya picha. Mchoraji akanijia kama kuku mwenye vifaranga. "Wewe! Toa hicho kitambaa! Nimemchora kwa kuwa ni mrembo."

"Bi, urembo wake alikuonyesha wewe. Muuza kahawa alikaribishwa na nani?"

Akageuka akaenda zake, leso akaiacha pale pale. Baadaye afisa mmoja wa bara alisimama mbele ya leso, mikono nyuma, akatangaza kuwa hiyo ndiyo picha bora kuliko zote. Ndiyo mara pekee niliyokubaliana na serikali.

Maonyesho yalipokwisha leso ilirudi, imekunjwa vizuri. Nyanya wa pichani hakurudi. Alitiwa kwenye sanduku, akapelekwa bara. Tangu hapo mlango wa ndani ukafungwa kwa wageni, hata kwa wanawake wa mtaa wa Wiyoni waliokuwa wakija kusuka mikeka na kuwasengenya waume zao. Jiko la mofa likapoa. Nyumba iliyokuwa na kelele za soko ikawa yasikika mtungi ukidondoka.

Nyanya amefariki mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Sauti yake ninayo. Matusi aliyonitukana kwa mapenzi ninayo yote. Lakini sura yake imeanza kunitoroka, na aliyebaki nayo ni yule mwizi peke yake.

Leso imo mkobani mwangu. Wakimtundika tena nitamfunika, mwalimu na achape apendavyo. Lakini nitaingia mapema, ukumbi ukiwa mtupu, nimtazame kwanza. Mimi ni wa nyumba.