Bi Zuhura alivyoosha kisima cha kupimia maji ya dampo London, bustani zikaponea chupuchupu

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nawaletea kisa cha London, miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Sitii chumvi. Mwenye kubisha abishe, nipo.

Kwanza mnijue. Shule niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, miguu tu ilikuwa inawasha. London nimeosha vyombo Edgware Road, nimepanga masanduku ya matunda sokoni Walthamstow, kote sikai.

Siku moja nikakuta watu wanatoboa ardhi pembeni ya dampo la zamani. Nikauliza maswali mpaka bosi wao, injinia wa Kiayalandi aitwaye Maureen, akachoka: "Ama uende zako, ama ushike huu mpira wa maji."

Nikashika mpira.

Dampo lenyewe lilishafunikwa, limeota nyasi, ungedhani uwanja. Lakini mvua ilipenya, ikapita kwenye taka zilizooza, ikatokea chini rangi ya chai ya rangi na kuingia kwenye maji ya ardhini. Kwa hiyo kulikuwa na visima vikubwa vya kunyonya yale maji machafu yakasafishwe, na vyembamba, bomba tu lenye kifuniko, vya kupimia kama uchafu unapungua au unasonga mbele.

Mimi nilikuwa wa hivi vyembamba. Niliipenda hiyo kazi jamani! Kila kisima nilikiona kama mtu na tabia yake.

Sasa, nyuma ya uzio kulikuwa na bustani za kukodi za council, yaani halmashauri ya mtaa. Moja ilikuwa ya Bi Zuhura, mjane wa Kipemba. Mchicha, maboga, mpaka kisamvu alijaribu, kikamgomea. Hakuwa anauza kitu.

"Ndani ya flati mie natazamana na ukuta," aliniambia. "Hapa angalau natazamana na kitu kinachokua."

Council walishasema wazi: kisima cha kando ya bustani kikionyesha uchafu umefika, bustani zote zinafungwa.

Visima vingine vyote amonia, ile kemikali ya taka zilizooza tuliyokuwa tunaipima, ikaanza kushuka. Sherehe! Cha Bi Zuhura kikapanda.

Council wakatupa nafasi ya sampuli moja ya mwisho. Ikiwa mbaya, basi.

Kabla ya kuichukua, Maureen akayatazama upya majibu ya maabara ya nyuma, akakunja uso. Akanieleza kwamba maji ya dampo huja na amonia na chumvi kwa pamoja. Hapa amonia imepaa, chumvi iko palepale.

"Hii si tabia ya dampo," akasema.

Nikaenda kukichungulia kile kisima. Wakuu, vifuniko vingine vyote vilikuwa na kutu na konokono. Hiki unajiona meno! Kufuli limekatika zamani. Nikainama kunusa: harufu ya jiko lililotoka kusuguliwa.

Nikamgeukia Bi Zuhura, yuko kwenye mchicha wake.

"Shikamoo bibi. Hiki kisima anakisafisha nani?"

"Marahaba mwanangu. Mie. Kwani nani mwengine?"

"Kwa nini bibi?"

"Ala! Si mnakuja kuchota maji? Kwetu kisima cha watu huoshwa. Mnipitie wageni, nami niwaachie kisima kichafu? Nakisugua kwa ile dawa ya sakafu kali, kisha na ndani namimina ndoo, kitakate."

"Na ndani?"

"Ndani ndiko kwenye uchafu, wee! Huko kwenu mlifunzwa usafi wa nje tu?"

Sisi kabla ya kuchukua sampuli huwa tunapiga pampu kwanza kutoa maji yaliyolala ndani ya bomba. Lakini kwa ndoo zile, hata udongo wa kuzunguka bomba ulishalewa dawa.

Nikamwita Maureen, nikamtafsiria. Akaisoma chupa ya ile dawa ya sakafu: amonia. Akakaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka akashika mbavu. Bi Zuhura alipoelewa hakucheka. Alishika kanga mdomoni. "Yaani nilikuwa naifunga bustani yangu kwa mkono wangu?"

Maureen akaandikia council kueleza. Tukaweka kufuli jipya, tukapiga pampu siku kadhaa hadi vipimo vikatulia, tukaacha ardhi ipumzike, ndipo tukachukua sampuli.

Majibu yakaja safi. Uchafu wa dampo haukuwa umefika, na pampu zilikuwa zinaurudisha nyuma.

Bi Zuhura akapiga kigelegele, jirani wa Kiingereza akaangusha jembe. Kesho yake tukaletewa mchicha wa nazi. Maureen akala kwa mkono, akaomba tena.

Nilichojifunza: kipimo kikigoma, kabla hujailaumu ardhi, waulize wanaoishi juu yake. Na waulize kwa lugha yao.

Ile kazi niliiacha baadaye, miguu tena. Siku ya kuaga nilipita kwenye kile kisima. Kifuniko kinang'aa vilevile, na kufuli nalo.

"Nimeruhusiwa," Bi Zuhura akaniwahi. "Kitambaa kikavu tu!"

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani humu wema wake ulitaka kumponza? Tiririkeni.