Bandi ya Uzi Mweusi

Katika nyumba ya mwanangu, Haltom City, kuna droo ya jikoni yenye kufuli. Ndani yake mna mikasi yangu mitatu, sindano zangu, na kisu changu cha kukatia ngozi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alivifungia humo kwa upole, akaniambia, "Baba, ni kwa usalama wako." Nilimshukuru. Nimefundishwa kushukuru tangu chuo cha Kurani, nami nimewafundisha wengine. Lakini sababu iliyofanya vifungiwe si ya kweli.

Nilikuwa fundi cherehani Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini. Sikuwa wa suti wala magauni. Nilishona maturubai ya malori, viti vya magari, mikanda ya mabegi. Jioni nilisomesha watoto Kurani. Mke wangu alipofariki, mwanangu alinileta Texas, akaniwekea cherehani gereji ya nyumbani, kando ya friza. Alhamdulillahi. Wazee wangapi wanapata mtoto wa hivyo?

Mwanangu ni muuguzi, na siku zake za mapumziko huwinda kulungu kwa upinde katika misitu ya mashariki. Hutaja jina la Mungu kabla ya kuachia mshale, na nyama huigawa kwa majirani. Huwinda akiwa juu ya mti. Haketi tawini, hujifunga mkanda mpana wa kiunoni na mapajani, kamba ikazunguka shina, kisha huegemea nyuma, uzito wake wote ukabebwa na ule mkanda. Wenzake huuita tandiko, kama la farasi. Alilokuwa nalo lilikuwa la dukani, na lilimbana.

"Baba, hili limeshonwa kwa watu wasio na makalio," aliniambia siku moja.

"Makalio umeyarithi kwa mama yako," nikamjibu. "Simama nikupime."

Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kuniomba kitu. Nilikuwa nikiulizwa kama nimekula, kama nimelala, kama nasikia baridi. Sasa mtu mzima alikuwa ananiomba nishone kitu kitakachobeba uhai wake.

Nililichunguza lile la dukani mshono kwa mshono. Nilishona kwanza vipande vya majaribio, nikavifunga kwenye boriti ya gereji na kuvining'inizia magunia ya mchele hadi boriti ikalia. Nilivunja sindano mbili. Kiuno nikakimaliza, mapaja nikayamaliza. Vilibaki vitanzi viwili vya ubavuni, pale kamba inapopita, kwa sababu mahali pake hupatikana mwilini mwa mvaaji, si mezani.

Kwetu fundi hakimbilii kushona. Kwanza hupiga bandi, mshono mrefu mlegevu wa kushikilia tu, na juu ya kitambaa cheusi hutumia uzi mweupe ili kila mwenye macho ajue kazi haijaisha. Kisha mwenye nguo huitwa, hujaribu, hukazwa hapa, hulegezwa pale. Ndipo bandi hufumuliwa na mshono wa kweli hupigwa. Na hakuna anayejichukulia nguo ukutani kwa fundi. Fundi humkabidhi kwa mkono wake. Basi nilivipiga vile vitanzi bandi nyeupe, nikamngoja mwanangu aje kujaribu. Zamu zake hospitali zilikuwa nyingi. Wiki ikapita.

Alipokuja gereji, alikuja na rafiki yake wa kuwinda, Mmarekani mwenye ndevu na utani mwingi. Yule bwana alilitazama tandiko, akagusa ule uzi mweupe, akasema kitu. Mwanangu akanitafsiria huku akicheka.

"Anasema mishono hii ni kama ya bibi yake akifunga tumbo la bata mzinga wa kuoka."

"Mwambie bibi yake alikuwa na adabu," nikasema. Wakacheka tena wote wawili, kisha wakaondoka kwa haraka. Hata kujaribu hakujaribu.

Ningeweza kusema, hii ni bandi. Neno moja tu. Sikulisema. Walipotoka niliufumua uzi mweupe, nikapiga bandi ileile kwa uzi mweusi, safari hii fupifupi na iliyonyooka, ili yule mwenye ndevu akirudi aone mkono wa fundi. Ulikuwa sura tu ya mshono. Nguvu haukuwa nazo. Nikalitundika tandiko ukutani mahali pa kuonekana.

Nimewafundisha watoto maana ya ria, tendo ulifanyalo kwa ajili ya macho ya watu. Niliwaambia hufichika moyoni kama sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi. Niliwafafanulia vizuri sana.

Jumamosi nilirudi kutoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, nikaenda chumbani, nikasoma, nikasinzia. Nilipoamka kulikuwa na ujumbe kwenye simu, sauti ya mwanangu: "Baba, umetisha. Nimelichukua, nimelijaribu hapa hapa, limenikaa kama ngozi." Alikuja huku mdogo, desturi za fundi hakuziona. Aliona kazi imetundikwa, nyeusi tupu, akajua imekwisha. Nilikimbia gereji. Msumari ulikuwa mtupu. Nikapiga simu, haikupatikana; huko msituni hakuna mtandao. Nilipiga tena na tena mpaka adhuhuri, nikasali nisijue nimesoma nini.

Kitanzi cha kulia kiliachia alipoegemea nyuma. Alianguka, kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili. Aliyembeba mgongoni hadi garini ni yule mwenye ndevu. Namwombea kila siku, na kila siku inaniwia vigumu.

Hospitalini nilikuwa nimejiandaa kusema. Mwanangu akanitangulia.

"Baba, ulisahau tu kushona pembeni. Si kosa lako. Ni umri."

Mkwe wangu akanishika bega. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Mzee aliyesahau huhurumiwa. Mzee aliyeiweka roho ya mwanawe chini ya sifa yake, huyo sikujua hufanywaje.

Baada ya hapo likaja kufuli. Kisha daktari, kunipima kumbukumbu, akanitaka nichore saa, nikaichora na mishale yake, akasifu. "Wakati mwingine hali yake ya kusahau haionekani," mkwe wangu akamwambia. Mwishowe nikaletwa huku Sugar Land, kwa binti yangu, nipumzike. Cherehani ilibaki.

Nimevumilia miezi minne. Mwanangu sasa anatembea, anachechemea. Jana nilimpigia simu.

"Sikusahau," nikamwambia. "Nilijua hakijashonwa. Nilibadilisha uzi ili rafiki yako asinicheke."

Nilisikia televisheni yao.

"Baba, rafiki yangu hajawahi kukucheka."

"Alicheka. Alisema bata mzinga. Na wewe ulicheka."

"Hiyo mimi siikumbuki, Baba." Kisha akalainisha sauti, ile anayozungumza nayo na wagonjwa wake. "Dada yupo hapo? Mpe simu kidogo."

Nikampa. Binti yangu alisogea dirishani, akanipa mgongo. "Ndiyo," nikamsikia. "Ndiyo, hata huku naona hali hiyo imeanza. Nitampeleka kwa daktari."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikaenda kutawadha. Nilipotoka nilimkuta amesimama mlangoni, taulo mkononi, akaniuliza polepole, neno moja moja, kama nakumbuka ni sala gani.

Nikamwambia ni adhuhuri.

"Vizuri sana, Baba," akasema.