Kwa Nini Ploti Nzima Inaniita Mbichi

Jina langu ni Wandera, lakini ukifika Kariobangi South ukaulizia Wandera wa ghorofa ya nne utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Mbichi. Hata soja anayelinda geti la ploti yetu ya vyumba vya kupanga atakupandisha ngazi mwenyewe huku akicheka. Aibu hii nimeshaizoea, ila nimesikia jinsi mkasa wenyewe unavyosimuliwa pale kwa kinyozi na naona wameanza kuongeza chumvi (eti jengo lilishika moto, eti padri aliruka ukuta, na padri hata hakufika kwetu siku hiyo), kwa hiyo heri niwaambie mimi mwenyewe, maana uchungu wake kwangu hauko pale wanapochekea wao.

Mimi ni dereva. Naendesha lori lenye friji, natoa samaki kwenye ghala moja la Industrial Area nawapeleka hotelini, na kwa miaka sita nimebeba samoni bila kumwonja hata kipande, samaki wa ng'ambo huyo, nyama yake ina rangi ya papai lililoiva, ambaye sisi wa mlango wa nyuma tunamjua kwa uzito na kwa makaratasi tu. Jumamosi moja boksi likapasuka pembe, hoteli ikalikataa, nikampigia bosi simu nikiwa bado nimelikumbatia, lina baridi ya kuuma vidole, akaniambia, "Hiyo chukua, Wandera. Pikia mzee."

Bosi alijua habari za mzee. Baba yangu alipatwa na kiharusi msimu wa mvua uliopita, mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanatoka moja moja kama mtu anayechagua mchele. Nikamtoa kijijini kwetu Samia nikamleta kwangu. Daktari akasema apewe chakula laini, kisicho na mfupa wala kisichokauka, asije akakabwa koo, basi nikawa nampa uji, viazi vya kupondwa, halafu uji tena. Na huyu ni mtu aliyekula samaki wa ziwani tangu aote meno, ambaye marehemu mama hakuwahi kuteremsha sufuria ya samaki motoni kabla Baba hajabonyeza kwa kidole gumba na kusema imeiva. Sasa alikuwa akifunga mdomo baada ya kijiko cha tatu. Shati lake la kanisani lilikuwa limeanza kumning'inia kama la mtu mwingine, na mimi niliogopa, sikumwambia mtu lakini niliogopa sana, niliona Baba anatuaga kijiko kwa kijiko.

Mpishi aliyelikataa boksi, Hamisi, mtu wa Pwani na mpole, alinipa somo pale pale mlangoni. "Huyu hapikwi, ndugu yangu, huyu anabembelezwa. Maji kidogo, yasimfunike. Yasitokote, yatetemeke tu. Weka kifuniko, hesabu dakika kumi. Ukimwona anatoa povu jeupe pembeni, zima moto, ameshaiva huyo. Ukingoja abadilike awe mweupe kama tilapia, umemuua mara ya pili." Nami, mtu wa Eastlands ambaye maishani nimejua samaki wa aina mbili tu, wet fry wa mchuzi na dry fry wa kukaushwa kwa mafuta, nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Mpango ulikuwa rahisi. Jumapili saa tisa mchana jumuiya yetu ya kanisa, wale majirani tunaosali nyumba kwa nyumba, ilikuwa inakuja kumwombea Baba, na wao nilishawanunulia mandazi. Samoni alikuwa wa Baba peke yake, nimpikie kidogo kidogo wiki nzima. Ningeshika mpango huo hadi leo ningekuwa Wandera. Lakini baada ya misa, nje ya kanisa, mwenyekiti wetu Mama Clementina (mama mwenye roho nzuri na sauti isiyohitaji maikrofoni) akaniita mbele za watu: "Wandera, tukikuja kwako leo tutapata hata chai, ama tutaombea mgonjwa na njaa?" Watu wakacheka, na mtu kapera wa miaka thelathini na sita akichekwa kuhusu jiko lake huwa hana akili nzuri, nikajikuta nimesema, "Chai gani, Mama? Leo mnakula samoni. Samaki ya mabalozi."

Hapo ndipo nilipoteleza. Yaliyofuata yote yalikuwa ni kuporomoka tu.

Kupika lakini nilipika, jamani, hilo mtu asininyang'anye. Nilianza na kipande kidogo kwa sufuria ndogo, kujaribu, vitunguu vya duara chini, nyanya, tangawizi, ndimu, maji nusu kikombe, moto mdogo mpaka nikawa nainama kuhakikisha bado unawaka. Nilipofunua, kile kipande kilikuwa kimelegea, kinang'aa, ukikigusa kinaachana chenyewe karatasi kwa karatasi, na nilipoonja ncha yake nilifunga macho. Hakikuhitaji kutafunwa. Nikakitia kwenye bakuli na mchuzi wake, nikatia kijiko, nikakifunika kwa kisahani, nikakiweka kwenye stuli kando ya kiti cha Baba kipoe, kisha nikaupanga ubavu wote uliobaki kwenye sufuria kubwa, na mara mlango ukabishwa.

Waliingia kumi na mmoja. Mmoja mmoja wakamshika Baba mkono wakimsalimia kwa kelele kana kwamba ni kiziwi, halafu wakanigeukia mimi. "Mzee anaendeleaje? Mzee analala? Mzee anakula?" Nami nikajibu yote, naye amekaa pale katikati yetu karibu na dirisha, kitambaa kifuani, anatutazama. (Kilichoumia kwake ni mdomo, masikio yalikuwa mazima, lakini hilo nililifikiria baadaye sana.) Tukasali, wakaanza wimbo, mimi nikauwasha moto mdogo mpaka povu jeupe likatoka, nikaonja ncha, kisha nikavaa aproni ya maua aliyoiacha dada yangu, nikaleta sufuria katikati ya meza na kufunua kifuniko kwa madaha kama mtu anayezindua gari.

Shingo kumi na moja zikarefuka juu ya sufuria.

"Kichwa iko wapi?" akauliza Baba Njoro, fundi wa mageti wa hapa chini.

"Ilikuja bila."

"Na mbona imebaki nyekundu?"

Mama Clementina alichukua uma akausukuma ndani, nyama ikaachana taratibu, ikang'aa kwa unyevu wake. Akaweka uma chini. "Wandera, hii samaki ni mbichi."

"Hapana, Mama, huyu ndivyo alivyo, hata akiiva..."

"Mbichi! Si unaona inatoa maji? Unataka kutuua, na tayari kuna mgonjwa kwa nyumba?"

Sasa nisikilizeni. Nilijua imeiva. Nilikuwa nimeonja kwa ulimi wangu mwenyewe na ladha ilikuwa bado mdomoni. Lakini watu kumi na mmoja wakikutazama wameshika sahani tupu, nawe umevaa aproni ya maua, ukweli unakuwa mdogo sana. Nikasema kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, "Labda tuongeze moto kidogo."

Wakati huo huo Baba aliinua mkono wa kushoto. "I... m... m..." akasema. "Maji, anataka maji," mtu akasema, na mimi nikajibu bila hata kumtazama, "Nakuja, Baba, ngoja kidogo."

Mama Clementina alishaamua kwamba moto wa kwangu hautoshi. Samaki apelekwe kwa Mama Achi, ambaye ana kibanda chake cha samaki hapo getini, na Jumapili huwa na foleni ndefu. Wamama wawili wakashika sufuria huku na huku, wengine wakafuata, mimi nyuma, na kwa kuwa wimbo ulikuwa haujaisha vizuri walikuwa bado wanauimba chini chini tukishuka ngazi. Basi milango ikafunguliwa. Watu wakaona jumuiya inateremka polepole, inaimba, na mwana wa mgonjwa yuko nyuma ameinamisha kichwa. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akajifunga leso kichwani akajiunga nasi akilia, na mimi badala ya kumwambia kwamba ni samaki tu, nikaendelea kushuka ngazi, maana ningeanzia wapi?

"Wet fry ama dry fry?" Mama Achi akauliza bila kuinua macho.

"Dry kabisa," akasema Mama Clementina. "Hii kausha mpaka ikubali."

"Ngoja kwanza nitoe maji..." Mama Achi akaanza kusema, lakini Mama Clementina si mtu wa kungoja, alishaiinamisha sufuria, na samoni wangu na mchuzi wake wote na vitunguu vyake vikaingia kwenye karai la mafuta yanayochemka. Sitaki kuwadanganya, mlio ule ulisikika mpaka stejini kwa matatu. Mafuta yakaruka, foleni ikatawanyika, mtu akapiga kelele "Gesi! Gesi!" na watu wa ghorofa zote wakaanza kumiminika chini, na soja, ambaye kwa miaka yote alikuwa akingoja siku ya kutumia ile ndoo yake nyekundu ya mchanga, akaja mbio akaimwaga yote juu ya karai. Juu ya samoni wangu, na juu ya tilapia wanane wa Mama Achi.

Kwa bahati hakuna aliyeungua. Vumbi lilipotulia, Mama Achi alishika kiuno, akalitazama karai, kisha akatutazama sisi. "Nani ameniletea kitu mbichi hapa?"

Vidole vyote vikanielekea. Hata yule mama aliyekuwa akilia aliacha kulia akanyoosha chake. Na kutoka kwenye foleni kijana mmoja akasema, kwa sauti ya salamu tu, "Niaje, Mbichi!" na ploti nzima ikaangua kicheko, na jina likanikaa pale pale.

Nilipanda ghorofa zile nne nikitamani zingekuwa arobaini. Mama Clementina alinifuata na sufuria tupu. Mlango ulikuwa wazi, Baba yuko kwenye kiti chake, na kile kisahani nilichokuwa nimefunikia kipo sakafuni. Bakuli lilikuwa mapajani mwake. Lilikuwa tupu, halikubaki hata kitunguu, na ndevu zake zilikuwa zinang'aa kwa mchuzi, na kijiko alikuwa amekishika kwa ule mkono wa kushoto ambao tangu augue hakuwahi kujilisha nao hata mara moja.

"Wandera."

"Ndiyo, Baba."

"Ingine... iko wapi?"

Niliitazama sufuria tupu mikononi mwa Mama Clementina. Harufu ya mafuta yaliyoungua na mchanga ilikuwa inaingia kwa dirisha, na dirisha lile linaangalia getini, kwa hiyo nadhani alikuwa ameona yote. "Imeharibika, Baba," nikasema. "Walisema ni mbichi."

Alikaa muda mrefu akiyakusanya maneno. Tukangoja, na nilitambua kwamba kwa miezi yote hiyo sikuwahi kungoja hivyo, huwa namalizia maneno yake mimi ili mambo yaende.

"Iliiva," akasema. "Nilikuwa... nawaambia. Imeiva." Akakitazama kidole gumba chake. "Hamkuniuliza."

Mama Clementina akaketi kwenye kochi. Akavua leso akaikunja mapajani akaikunjua. Mimi nililia, mwanaume mzima na aproni ya maua, na sikulilia samoni. Nililia kwa sababu katika nyumba nzima kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua samaki, na tulimpita na sufuria mbele ya macho yake, tukamwambia angoje kidogo.

Jioni hiyo kabla giza halijaingia nilishuka nikamsaidia Mama Achi kusugua karai, na Mama Clementina akaja na steelwire yake mwenyewe, ile waya ya kusugulia vyombo, tukasugua pamoja. Siku hizi akiingia kwangu anakwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Baba, anaketi, anauliza, "Mzee, umelalaje?" halafu ananyamaza mpaka jibu litoke, hata likichukua wimbo mzima.

Samoni sijampata tena, mabosi hawakupi mara mbili na maboksi hayapasuki kila wiki. Lakini Mama Achi (aliyenisamehe, ingawa yeye ndiye anayeniita Mbichi kwa sauti kuliko wote) huniwekea minofu isiyo na mfupa ya mbuta wa ziwani, nami naibembeleza vile vile, maji ya kutetemeka, moto wa kuinamia. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitawahi tena kuwatangazia watu nje ya kanisa nitakachopika. La pili, hakuna sufuria ya samaki itakayofika mezani kwangu kabla haijapita kwa Baba, nimfunulie, naye abonyeze kwa kidole gumba cha kushoto na kusema kama imeiva.

Jumapili iliyopita nilimfunulia nikiwa nimeshazima moto. Akabonyeza. Akafikiri. "Bado," akasema. "Dakika... mbili."

Ilikuwa imeiva, mimi niliona povu jeupe kwa macho yangu. Nikarudisha kifuniko, nikavuta stuli nikaketi kando yake, tukangoja dakika mbili.