Mpopoo Mmoja na Miasumini Kumi na Miwili

Harusi tatu zilipita Wawi bila kikuba cha asumini kilichotungwa vizuri. Mabiharusi walivishwa majani ya rehani tupu, na wanawake waliokaa mkekani walinusa, wakatazamana. Kila mmoja alijua mikono iliyokosekana ni ya nani. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu aliyekuwa akipitisha sinia la tambuu katika harusi hizo alikuwa Bi Kazija, na mbele ya Bi Kazija jina la Bi Mwanapili lilikuwa halitamkwi tena.

Bi Mwanapili binti Mabruki alizaliwa hapo hapo Wawi. Babu yake ndiye aliyetoka bara. Alifiwa na mume mapema akabaki na binti mmoja, Mwanawema, na kijumba cha udongo katika shamba la Mzee Nassor, mume wa Bi Kazija. Alikaa kwa idhini, na idhini ilikuwa na sharti lake, lile lile la shamba lolote kisiwani: aliyepewa mahali pa kukaa hulima muhogo, viazi, mboga, kitu cha kung'oka kwa mkono. Mti hapandi. Mti ni wa aliyeupanda hata ukiwa juu ya ardhi ya mwenziwe, na mwenye mti ana mguu ndani ya ardhi ile, yeye na watoto wake.

Basi akapanda maua. Maua hayakuwa katika sharti. Alizungusha nyumba kwa miasumini kumi na miwili, akaijua kama mtu anavyojua watoto wake: upi wavivu, upi wataka kukatwa matawi kabla ya mvua za masika, upi ukichumwa vibaya wanuna wiki nzima. Alichuma alasiri, vitumba vikiwa vimefumba, akavitunga kwa uzi wa mgomba, vikafumbuka jioni kifuani mwa mvaaji. Asubuhi vilikuwa vimekwisha, rangi ya chai. Hakusikitika. Mti wenyewe ulikuwapo, na kesho ungetoa vingine.

Bi Kazija alikuwa shoga yake. Siku moja, mwaka wa hamsini na tano, alirudi kutoka Wete na popoo mbili zilizochipua, zile za kutafunwa na tambuu, kazifunga katika upindo wa kanga.

"Moja haitoshika, lakini nyingine itashika," alisema. "Ipande hapa karibu na kisima. Kwangu kukavu."

Bi Mwanapili alirudi nyuma hatua moja. "Mpopoo? Shoga, wataka nifukuzwe?"

"Na nani? Nimekupa idhini mie. Tutakuja kutafuna uzeeni, meno yakiwa yashakwisha, tutwange kwenye kinu."

"Mzee Nassor je?"

"Mzee Nassor ntamwambia mwenyewe. Wewe nyamaza tu."

Popoo moja ikashika. Bi Kazija hakumwambia mumewe wiki ile, wala mwezi ule. Kila alipotaka kusema aliona neno lenyewe dogo, mche wenyewe mdogo, akaona aibu kulifanya shauri. Baadaye mche ukawa mrefu kuliko yeye, na neno nalo likawa kubwa mno kusemeka. Alikuwa akija alasiri, akisimama pale baina ya miasumini na mpopoo, akicheka: "Maua yako yanakufa kila siku. Mpopoo wangu hata haujazaa, lakini ukizaa, popoo yake inakaa mwaka." Bi Mwanapili alimjibu akiwa anatunga: "Ukae nao basi. Miye nanukia leo."

Halafu zikaja siku za uchaguzi. Watu waliokula sahani moja waliacha kuamkiana, hata mazikoni. Jecha, aliyemwoa Mwanawema, alitundika bendera ya chama ambacho Mzee Nassor hakutaka hata kukisikia. Mzee Nassor alikuwa mtu wa kutafuta sababu ya heshima kabla ya kufanya jambo baya. Alizunguka kijumba kile asubuhi moja, akainua uso, akaona kole la kwanza la popoo, la kijani, limening'inia.

Likaitwa baraza uani, mbele ya mlango wa Bi Mwanapili. Alikuja sheha, mkuu wa kijiji, wakaja wazee watano. Wanawake walikaa upande wa jikoni. Bi Kazija alikuwa katikati yao, kijaluba cha tambuu mapajani, uraibu shavuni.

"Mpopoo huu kapanda nani?" sheha aliuliza.

"Mimi."

"Na sharti walijua?"

"Nalijua, Sheha. Nilipewa idhini."

"Na nani?"

Bi Mwanapili hakugeuza kichwa. "Aliyenipa yupo hapa, na anajua."

Bi Kazija alisikia taya zake mwenyewe zikitafuna. Kinywa kilijaa maji mekundu. Kusema, ilimpasa kwanza ateme, na kutema mbele ya wanaume wale kungekuwa sawa na kusimama na kupiga kelele: mimi, mke wa Nassor, nimegawa ardhi ya mume wangu bila kumwuliza, nimempa mama mkwe wa Jecha. Aliiona talaka yake. Aliona pia mgongo wa shoga yake, umenyooka, unangoja.

"Bi Kazija," sheha alisema kwa upole, "wewe mwenye nyumba. Una neno?"

Akatikisa kichwa. Akaendelea kutafuna.

Bi Mwanapili akauliza swali moja tu. "Sheha, miasumini hii ina miaka kumi na tano. Mpopoo huu una sita. Basi kilichokaa hapa ni kipi?"

Wazee walicheka. Mmoja wao, Mzee Khatib, akasema, "Bibi, asumini hainyooshi mpaka. Maua ni yako, chukua. Chukua hata na harufu yake."

Ikaamuliwa ahame. Alichukua vijiti vinne alivyokata katika miasumini yake, akavifunga katika gome la mgomba lililoloa, akafuatana na bintiye kwenda Chokocho, kwa watu wa Jecha. Mpopoo ulibaki kwa mwenye ardhi.

Mzee Nassor mwenyewe ndiye aliyeangua lile kole lilipoiva. Alilileta sebuleni amefurahi. "Haya, uraibu wako umezaliwa nyumbani." Bi Kazija alikata kipande, akakifunga ndani ya tambuu, akakitia kinywani. Hakikupita. Alikwenda nyuma ya jiko akatema, akasukutua, na tangu siku ile watu wakashangaa kumwona anapitisha sinia kwa wenziwe na yeye mwenyewe hagusi.

Alijaribu kuitunza miasumini. Aliimwagia maji, akaikata matawi wakati si wake. Ikatoa majani mengi, maua machache. Kijumba kilianguka kwa mvua ya pili.

Mwaka wa sitini na tatu aliolewa mjukuu wake, Duni. Binti yule, ambaye Bi Mwanapili alimvisha asumini tangu siku ya arubaini yake, alisema wazi mbele ya mashangazi: "Miye rehani tupu siitaki. Nataka asumini za Bi Mwanapili."

Bi Kazija akaondoka alfajiri, akapanda gari, akamalizia kwa miguu. Alimkuta Bi Mwanapili kibarazani anapepeta mchele. Walisalimiana kama wageni. Bi Mwanapili akaelezwa shida, akanyanyuka, akaenda kuchuma. Alasiri alikuwa anatunga, na Bi Kazija amekaa chini, mikono mapajani, hana la kushika.

"Shoga," alisema mwishowe, "siku ile kinywa changu kilikuwa kimejaa."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uteme."

Uzi ulipita katika kitumba, na kingine.

"Mzee Nassor ushamwambia?"

"Bado."

Bi Mwanapili alifunga vikuba ndani ya jani la mgomba, akampa. "Hizi za Duni. Mwambie asizitie maji."

Bi Kazija alimwambia mumewe jioni ile ile kwamba idhini ya mpopoo aliitoa yeye, kabla hajavua buibui, kinywa kitupu. "Pale pa kijumba pashapandwa muhogo wa watu wengine," alisema Mzee Nassor, akashika fimbo yake akaenda kupokea wageni. Ndani, wanawake walikuwa wanavuta pumzi na kusifu asumini, na mmoja akauliza kwa sauti zimetoka wapi. Safari hii Bi Kazija alimtaja kwa jina lake na la baba yake. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Bi Mwanapili yuko Chokocho, kwa bintiye. Vile vijiti vinne vyote vilishika. Mpopoo hana.