Vitambaa Vilivyonuka Tumbaku

Baba yangu alikuwa Marwa na mama yangu alikuwa Gati. Nilizaliwa Kegonga, na shule sikupelekwa. Andika hivyo hivyo, usinipambe. Ninakusimulia safari niliyoifanya kwenda Mbita katika miaka ya tisini, ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, kwa ajili ya dada yako mkubwa, Robi.

Robi alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani. Kila mwezi alikaa nyumbani siku zake zilipofika, kwa kuwa hakuwa na cha kuvaa. Ndipo likaja shirika moja la misaada kutoka upande wa ziwani, likawagawia wasichana kanisani sodo za kitambaa, zile za kufua na kutumia tena. Tukaambiwa zifuliwe vizuri na zikaushwe mahali penye joto.

Wanawake wa kijiji tukakaa, tukashauriana. Nguo ya namna hiyo kwetu haionwi na mwanamume. Mahali pekee penye joto pasipoonekana palikuwa banda la kukaushia tumbaku. Kufunga majani kwenye fito ni kazi yetu, kwa hiyo tukazifunga sodo katikati ya majani. Zilikauka vizuri sana.

Haikupita miezi miwili, wasichana wakaanza kuwashwa, kushikwa na kizunguzungu na kutapika darasani. Msichana wa darasa la nane akitapika, watu hufikiria jambo moja. Baba yako, mwanangu Mwita, akasema Jumatatu Robi harudi shuleni, kwani hatamsomesha mtu mwenye mimba. Robi alilia akisema hajamjua mwanamume. Nilimwambia Mwita angoje nirudi. Waliougua ni wale waliovaa vitambaa vile, kwa hiyo nilikuwa ninakwenda kuwarudishia wenyewe.

Alfajiri, Kegonga. Robi alinisindikiza hadi barabarani, nami nimefunga vitambaa kwenye leso.

"Nyanya, na wakikataa kuvipokea?"

"Nitaviacha mlangoni."

Kehancha nilipata nafasi kwenye lori la mahindi, kando ya dereva. Kabla hatujafika mbali akaanza kunusa.

"Mama, unapeleka tumbaku Migori?"

"Hapana."

"Mbona inanuka?"

Nilimwambia aangalie barabara.

Migori nilikunywa chai na kubadilisha gari. Kutoka hapo nchi inateremka, joto linazidi, na watu wanasema Kijaluo. Sikijui, kwa hiyo nilinyamaza hadi Mbita.

Jioni, Mbita. Nyumba ya shirika ilikuwa karibu na maji. Aliyenipokea aliitwa Mama Akinyi, mke wa mvuvi, ndiye aliyewasimamia washonaji.

"Karibu, dani," alisema, akiniita nyanya kwa lugha yao.

"Sikuja kukaribishwa. Nimeleta vitu vyenu."

Alifungua leso, akapiga chafya.

"Dani, hizi zilivaliwa ama zilivutwa?"

"Zilikaushwa."

"Wapi?"

"Mahali penye joto, kama mlivyosema. Banda la tumbaku."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilipomweleza habari za Robi, kicheko kikakatika.

"Tumbaku huingia kwenye ngozi, dani. Wanaochuma majani yenye umande si hutapika?"

Hilo nililijua. Nimetapika misimu mingi.

"Basi usitafute mimba. Na sisi pia tulikosea, tulisema joto, hatukusema jua."

Nililala kwake, na asubuhi nilitoka nyuma ya nyumba. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, na juu yao, kwenye waya, sodo za binti zake zimeanikwa peupe. Mume wake akapita chini ya waya na kasia begani.

"Haoni haya?" nikauliza.

"Anaona omena."

"Kwetu haiwezekani."

"Kwenu kuna mwanamume wa kukuuliza wewe umeanika nini?"

Nilifikiri. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa. Mtoto wa kiume, kwetu, haulizi habari za nguo za mama yake. Mwita hata akipita mlangoni pangu huinamisha kichwa. Nikapokea sodo mpya, nikaaga.

Homa Bay, njiani kurudi, niliingia katika duka la Mwislamu mmoja, nikataka waya.

"Unawazungushia ng'ombe, mama?"

"Wasichana."

Akanipimia bila kuuliza tena.

Kegonga nilizichoma sodo za zamani. Niliuvuta waya kutoka jikoni hadi ghalani, mbele ya uwanja, nikawaambia wasichana wote wa jirani wafue na kuanika kwangu. Mwita alirudi kutoka sokoni, akakuta waya umejaa.

"Mama, hizi zote ni..."

"Ni zangu."

Umri wangu aliujua. Alitazama chini, akasema anakwenda kuona ng'ombe. Hapo nikauambia mgongo wake kwamba Robi alikuwa na tumbaku, si mimba, na kwamba Jumatatu anakwenda shuleni.

Robi alikwenda. Kutapika kukaisha kwake na kwa wenzake, na mtihani akaufanya.

Nilichojifunza ni kwamba nguo ile inataka jua, na ndani ya banda hakuna jua.

Sasa wewe. Karatasi hii ikipotea, imepotea. Waya usiutoe. Baba yako akitaka kufungia ndama hapo, mwambie ni wa nyanya. Atatazama chini.